Gesi ya nyumba za magurudumu: bei yake huhesabiwaje?

Katika nchi ya Marekani ziko jamaa nyingi ambazo nyumba yao haina msingi wala kiwanja. Imekaa juu ya magurudumu. Leo iko kando ya ziwa, juma lijalo iko jangwani, na baada ya mwezi iko mlimani. Baadhi ya nyumba hizo zina injini zao zenyewe, na dereva huketi mbele kama katika basi. Nyingine ni trela, hukokotwa nyuma ya motokari yenye nguvu. Ndani mna vitanda, jiko, friji, hata bafu na choo. Mwaka 2021 chama cha watengenezaji wake kilihesabu jamaa milioni 11.2 zenye nyumba za namna hiyo.

Wengi wao ni watu wa matembezi tu. Huitumia siku chache za likizo, kisha huirudisha uani. Lakini wako pia wazee waliostaafu, ambao huyakimbia majira ya baridi kama mbayuwayu, na wako wafanyakazi wasio na nyumba nyingine yoyote, hasa tangu ile shida kubwa ya fedha ya mwaka 2008, wakati watu wengi waliponyang'anywa nyumba zao kwa sababu ya madeni. Kwa hao wa mwisho gesi si jambo la starehe. Ni uji wa watoto na joto la usiku.

Leo tumetaka kueleza namna gesi hiyo inavyouzwa. Jambo lenyewe laonekana kuwa dogo: mtu ana mtungi mtupu, ataka ujazwe, atoa fedha, aenda zake. Lakini tukiangalia vema tutaona kwamba watu wawili wenye mitungi inayofanana kabisa, katika mji mmoja na siku moja, waweza kulipa fedha sawasawa, na mmoja akarudi kwake na gesi iliyopungua kwa robo nzima. Wala mbele ya sheria hakuna aliyeibiwa. Sababu gani?

Ratili na galoni

Gesi tunayoisema ni propani. Hupatikana wakati wa kusafisha gesi itokayo ardhini, na wakati wa kusafisha mafuta ya petroli. Ukiifunga ndani ya chuma kwa mkazo, hugeuka kuwa kama maji. Ukiifungulia, huchemka na kuwa gesi tena, hata katika baridi kali sana, mpaka daraja 42 chini ya sifuri. Msomaji wa Goma, wa Kigali au wa Nairobi anayepika kwa mtungi huchoma mara nyingi mchanganyiko wa propani na butani. Butani yafaa sana kwetu, maana huku hatuna theluji ila juu ya milima mirefu. Lakini penye baridi ya sifuri butani haichemki tena. Hukaa katika mtungi wake imetulia kama maji ya kisima, na watu wanatetemeka. Ndiyo maana nyumba za magurudumu za Marekani hutumia propani.

Kitu cha namna hiyo chaweza kupimwa kwa njia mbili, kwa uzito au kwa ujazo, na hapo ndipo hesabu inapoanza. Wamarekani hawatumii kilo wala lita. Hutumia ratili na galoni. Galoni moja ya kwao ni lita 3.785, na galoni moja ya propani ina uzito wa ratili 4.24, ndiyo kusema karibu kilo 1.9. Basi mwanafunzi yeyote wa darasa la sita aweza kuandika ubaoni: twaa bei ya ratili moja, izidishe kwa 4.24, utapata bei ya galoni. Ajabu ni kwamba watu wazima wengi, wenye motokari ya thamani kubwa, hawaijui tarakimu hiyo, na kwa kutoijua hulipa mwaka hata mwaka.

Tuutazame sasa mtungi wenyewe. Ule wa kawaida huitwa mtungi wa ratili 20. Juu ya shingo yake yamechongwa maandishi: uzito wa chuma kitupu, ambao kwa kawaida ni ratili 17 au 18, na uzito wa maji ambayo ungeweza kuyachukua, ratili 47.6. Mbona basi huitwa wa ratili 20? Kwanza propani ni nyepesi kuliko maji, karibu nusu ya uzito wake. Tena propani hutanuka sana ikipata joto, na mtungi uliojazwa mpaka ukingoni ungekuwa hatari juani. Kwa hiyo kanuni za usalama huruhusu sehemu 80 kwa mia tu za nafasi yake kujazwa. Ukifanya hesabu utapata ratili 20, ndizo galoni 4.7. Ndani ya kilango cha mtungi mna kiboya kidogo kinachopanda pamoja na gesi na kuifunga njia inapofika kipimo hicho. Tangu tarehe 1 Aprili 2002 kanuni hazikubali tena kuijaza mitungi midogo isiyo na kiboya hicho. Anayeona mtungi wake umekataa kuingiza zaidi asimgombeze mwenye duka. Mtungi umejaa.

Mitungi iliyofungiwa katika kizimba

Tuje sasa kwa wale watu wetu wawili.

Wa kwanza ameona mbele ya duka la vyakula kizimba cha chuma chenye mitungi imepangwa vizuri, imepakwa rangi, inang'aa. Amelipa, ameacha mtungi wake mtupu, amechukua mwingine uliojaa. Dakika tatu, kazi imekwisha. Wa pili amepeleka mtungi wake penye tangi kubwa, mahali panapouzwa vyombo vya shamba au panapokodishwa malori ya kuhamisha mizigo, na mtumishi ameujaza kwa mpira mbele ya macho yake. Kampuni ya U-Haul, mashuhuri kwa malori hayo ya kukodi, ina matangi ya namna hiyo mahali zaidi ya 1,000.

Huyu wa pili amepata ratili 20. Yule wa kwanza amepata 15. Imeandikwa juu ya mtungi wake, lakini kwa herufi ambazo watu wenye haraka hawazisomi. Tuseme, kwa mfano, kwamba amelipa dola 20. Ratili moja imemgharimu dola 1.33. Zidisha kwa 4.24 kama tulivyosema: galoni moja imekuwa dola 5.65. Naye mwenzake, akilipa dola 3.50 kwa galoni, ameujaza mtungi mzima kwa dola 16.45. Amelipa kidogo na amepata zaidi.

Hizo ratili 15 zina historia yake, na historia hiyo ilifika mbele ya serikali. Zamani mitungi ya kubadilishana ilitiwa ratili 17. Mwaka 2008 bei ya gesi ilipopanda, kampuni mbili zilizoishika biashara hiyo, Ferrellgas yenye alama ya Blue Rhino, na AmeriGas, zilishusha kipimo kutoka 17 mpaka 15, wala hazikushusha bei. Mnunuzi aliushika mtungi uleule, wa ukubwa uleule na rangi ileile. Mkono wa mtu hautambui kwa urahisi ratili mbili zilizopungua katika mzigo wa zaidi ya thelathini. Kwa kweli ilikuwa sawa na kupandisha bei, isipokuwa tarakimu iliyobandikwa dukani haikubadilika.

Mwezi wa Machi 2014 Tume ya Biashara ya serikali kuu ya Marekani ilizishtaki kampuni hizo mbili. Haikuzishtaki kwa kupunguza gesi, maana kila muuzaji ana haki ya kuuza kiasi anachotaka, mradi akiandike. Ilisema kwamba zilipatana kwa siri kumkaza mnunuzi wao mkubwa, maduka ya Walmart, ambayo hayakutaka kukikubali kipimo kipya. Tume ilisema pia kwamba kampuni hizo pamoja zilishika karibu sehemu 80 kwa mia za biashara ya mitungi ya kubadilishana. Tuone vema shida ya duka hapo: kama wachuuzi wawili wenye soko karibu lote wanasema neno moja, utakwenda kununua kwa nani? Shauri lilimalizwa kwa mapatano ya mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, na kampuni zikakatazwa kupatana tena juu ya bei au juu ya kiasi cha kujaza. Lakini ratili 15 zilibaki.

Hata hivyo hatutaki kuudharau mtungi wa kizimbani. Una faida yake ya kweli. Mitungi midogo ina muda wake: baada ya miaka 12 tangu kutengenezwa lazima ikaguliwe upya, na mtumishi wa tangi akisoma tarehe iliyopita ataukataa. Mwenye mtungi mkuukuu, ulioshikwa na kutu, aweza kuupeleka kizimbani na kuchukua mwingine wenye tarehe nzuri. Mara moja katika miaka 12 ni akili. Hasara kubwa ni ya yule anayeupeleka mtungi wake mpya, alioununua majuzi kwa fedha nyingi, na kurudishiwa mzee.

Bei moja kwa mtungi

Katika viwanja vingi ambapo nyumba za magurudumu hulala, na hata penye matangi mengine, utaona ubao: mtungi wa ratili 20, bei fulani; wa 30, bei fulani. Hakuna galoni wala ratili inayotajwa. Mtu mwenye mtungi mtupu hana la kulalamika. Lakini wenye nyumba hizo mara chache huuacha mtungi uishe kabisa. Nani ataka moto uzimike usiku wa manane, mvua ikinyesha, na mke akimwambia, «Nilikuambia jana»? Kwa hiyo huupeleka ungali na nusu. Tuseme bei ya mtungi ni dola 18. Kama ulikuwa mtupu, galoni 4.7 zimeingia, kila moja kwa dola 3.83. Kama ulikuwa na nusu, zimeingia galoni 2.35 tu, na kila moja imekuwa dola 7.66. Mwoga amelipa mara mbili.

Hapa twaona jambo ambalo mabibi wa sokoni kwetu wanalijua tangu utoto wao: swali la kwanza si «Bei gani?», bali «Bei ya kipimo gani?» Penye kipimo cha galoni, mwenye nusu hulipa nusu, wala hana haja ya kungoja mpaka tone la mwisho. Lakini hapo nako asome ubao mpaka chini, maana wengine huongeza ada ya kuunganisha mpira, au huweka kiasi cha chini cha kulipa, hata kama zimeingia galoni mbili tu.

Wale wenye nyumba zenye injini hawana uchaguzi huo. Tangi lao limefungwa chini ya gari kwa boliti, haliwezi kuondolewa wala kubadilishwa. Lazima nyumba nzima ipelekwe penye mpira, pengine katikati ya mji, kwa njia nyembamba, na watoto ndani. Basi mwuzaji wa karibu na kiwanja anajua kwamba mgeni huyo hatageuka kwenda mbali kwa ajili ya nusu dola. Wenye trela wana nafuu: huchukua mitungi yao miwili ya mbele, huitia katika motokari, na kuizungusha mpaka waone bei nzuri.

Neno moja juu ya joto. Tumesema kwamba propani hutanuka. Kwa kila daraja 10 za Fahrenheit hutanuka karibu sehemu 1.5 kwa mia. Galoni halali ya sheria hupimwa katika daraja 60 za Fahrenheit, zilizo karibu 15.6 za kwetu. Kama tangi la mwuzaji limeota jua mpaka daraja 90, galoni inayotoka humo ina upungufu wa sehemu zaidi ya 4 kwa mia, ingawa kipimo hakisemi uongo. Vipimo vingi vya malori makubwa vina chombo cha kusahihisha jambo hilo, na wakaguzi wa mizani huvipima na kuvitia muhuri. Penye vipimo vidogo mnunuzi mwangalifu hupenda mizani: ratili moja ni ratili moja, juani na kivulini.

Bei yatoka wapi?

Watu wengi hudhani kwamba bei hutungwa na mtu anayeshika mpira. Sivyo. Katika jimbo la Texas, mahali paitwapo Mont Belvieu, na katika jimbo la Kansas, karibu na mji mdogo wa Conway, yamo chini ya ardhi mapango yaliyochimbwa ndani ya chumvi. Humo hutunzwa propani kwa wingi usiofikirika, na bei ya mahali hapo pawili hutazamwa kila siku na wafanya biashara wa nchi nzima.

Wenye nyumba za magurudumu ni wateja wadogo sana katika soko hilo. Viwanda vya plastiki vyaitaka propani. Meli huipeleka ng'ambo. Nyumba za mashambani huiwasha wakati wa baridi. Na wakulima wa mahindi huitumia kukausha mavuno yao. Mwishoni mwa 2013 mahindi yalivunwa yakiwa na maji mengi, wakulima wakachoma gesi kuyakausha, kisha mara ikafuata baridi ya kutisha. Mwezi wa Januari 2014 bei ya Conway ilipita dola 4 kwa galoni. Mzee aliyekuwa akichemsha kahawa katika trela yake hakuwa na shamba la mahindi, lakini alilipia unyevu wa mahindi ya watu.

Sasa mtu atauliza: katika mwaka 2023 bei ya Mont Belvieu ilikaa chini ya dola 1 kwa galoni, mbona njiani watu waliendelea kulipa mara tatu au nne ya hiyo? Swali hili lastahili jibu la haki. Jamaa yenye nyumba ya msingi huwa na tangi kubwa uani; lori laja mara moja, lamimina galoni mamia, laenda. Mwenye trela ataka galoni 4. Kwa galoni hizo 4 mtumishi aliyefundishwa lazima aache kazi yake, atoke nje, asome tarehe ya mtungi, afunge mpira, angoje, apime, afungue, aandike. Mshahara wake, gharama za lori lililoileta gesi, bima ya moto, yote hugawanyika juu ya galoni 4 badala ya 400. Hilo twalikubali. Tusilolikubali ni ubao usiotaja kipimo, kwa maana mshahara wa mtumishi na bima havimzuii mtu kuandika ratili ngapi.

Usiku mmoja wa baridi

Kupika hakumalizi gesi nyingi, na friji hula kidogo kidogo. Mlaji mkubwa ni tanuru la joto. La kawaida humaliza galoni moja kwa saa 3 likiwaka bila kupumzika. Tufikiri jamaa iliyolala katika trela yake muda wote wa baridi, na tanuru likawaka nusu ya usiku wa saa 10. Ni saa 5 kila usiku, saa 150 kwa mwezi, galoni 50. Kwa bei ya dola 3.50 mwezi utawagharimu dola 175. Kwa mitungi ya kizimbani, ile ya dola 5.65 kwa galoni, watalipa dola 282. Tofauti ni dola 107, nazo ni viatu vya watoto na unga.

Ndiyo sababu wengi wao hufuata jua. Jangwani Arizona, karibu na mji mdogo wa Quartzsite, serikali ina viwanja vikubwa ambamo mtu akilipa ada aweza kukaa tangu 15 Septemba mpaka 15 Aprili. Ardhi hiyo ni rahisi, lakini haina waya wa umeme. Mchana jua huwaka vema. Usiku jangwa hugeuka baridi, na kila nyumba hutegemea mtungi wake.

Wazoefu wa hapo wana ujanja mmoja usiogharimu kitu, nao wafaa hata jikoni kwetu. Kabla ya kuupeleka mtungi kujazwa, chukua maji ya moto katika kikombe, uyamwage ubavuni mwake polepole toka juu mpaka chini, kisha pitisha kiganja. Juu, mahali palipo tupu, chuma kimepata joto. Chini, penye gesi ya maji, kimebaki baridi. Pale kiganja kinapokutana na baridi ndipo gesi ilipofika. Ikiwa imebaki nusu, na mwuzaji wa karibu huuza kwa bei moja kwa mtungi, wanaurudisha mahali pake na kungoja siku nyingine tatu.